Wanawake Watatu Niliowafanya Mmoja

Nimeshindwa mara nyingi maishani, na mara nyingi kwa makosa yangu mwenyewe, kwa hiyo ile siku moja niliyoshinda naikumbuka vizuri sana. Ilikuwa Alhamisi, sokoni Magunga, nyuma ya vyumba vinne vya kupangisha, mahali ambapo hakuna mtu huenda ila kukojoa. Lakini siwezi kueleza ushindi ule bila kueleza kwanza uongo uliouleta.

Niliweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori kwa miaka ishirini na sita. Nilianza na vitabu vya mistari na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Kisha tajiri, mwenye duka, akanunua komputa. Alikuwa Mwislamu kutoka pwani aliyekuja Migori kijana na kuzeekea hapo, na hakupenda kuachwa nyuma na wenzake. Mimi niliishia kidato cha nne, na komputa nilifundishwa kwa siku tatu. Mengine nilijifundisha mwenyewe, pamoja na makosa.

Miezi mitano kabla ya kustaafu kwangu, mwanamke mmoja alikuja kwenye meza yangu na kopo kubwa la mafuta ya kupikia. Alilifungua akatoa risiti, akazipanga mbele yangu moja moja kama mtu anayegawa karata. Zilikuwa kumi na tisa. Zote zilikuwa nyeupe.

Risiti zetu zilitoka kwenye mashine ndogo inayochapa kwa joto, bila wino. Karatasi ile ikikaa karibu na moto, maandishi hufifia mpaka hakuna kitu. Yeye alikuwa ameziweka juu ya jiko miaka yote ile, akijua moshi utafukuza mchwa. Mchwa hawakuzigusa. Joto ndilo lililozila.

"Hizi ni za mabati na saruji," alisema. "Nimejenga vyumba vinne pale sokoni Magunga, kwa pesa za omena, hawa dagaa wa ziwani. Bwanangu amekufa. Sasa ndugu zake wanasema vyumba ni vya kaka yao, mwanamke hajengi. Nataka mashine yenu iniandikie hizi tena."

Lilikuwa ombi dogo. Kila kitu tulichouza kilibaki ndani ya komputa, na kwa kawaida ningemchapia karatasi zake kabla chai yangu haijapoa. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimefanya jambo.

Komputa ilikuwa imelemewa. Ukiifungua asubuhi, ungeweza kwenda msalani na kurudi ukaikuta bado inafikiri. Programu ya hesabu ilikuwa na njia ya kuipunguzia mzigo: inachukua mauzo yote ya zamani, inayaweka kwenye faili la pembeni, na mahali pake inaacha mstari mmoja wa jumla kwa kila mwezi. Ni kama kuhamishia vitabu vya zamani stoo, ukabaki na karatasi moja inayosema vilikuwa vinene kiasi gani. Kabla ya kazi hiyo, programu ilinishauri nisafishe orodha ya wateja. Ikanionyesha majina yanayofanana, ikauliza kama niyaunganishe. Nikakubali. Ikauliza tena. Nikakubali tena. Niliona raha ya mtu anayefagia uwanja.

Anayetujua sisi Wajaluo ataliona kosa langu mara moja. Kwetu, mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikozaliwa. Akitoka kisiwa cha Mfangano ataitwa Nyar Mfangano, yaani binti wa Mfangano, na jina hilo litamtosha sokoni, kanisani na matangani mpaka azikwe. Ukimuuliza jina kaunta hasemi lile la kitambulisho. Anasema, "Andika Nyar Mfangano," nawe unaandika. Sasa wasichana wa Mfangano wameolewa kila mahali. Mimi nilikuwa nao watatu kwenye komputa, na kwa kubonyeza mara mbili niliwafanya mtu mmoja. Kisha nikahamisha mauzo yao yote yakiwa yamechanganyika, nikaweka nakala kwenye diski, nikaifungia kwenye kabati la chuma. Tajiri alipoona komputa inafunguka haraka alinisifu mbele ya wapakiaji wote.

Kwa hiyo mwanamke aliposema anaitwa Nyar Mfangano, nilitafuta nikaona jina moja na mistari ya jumla chini yake. Nilijua papo hapo nimefanya nini. Nilijua pia kwamba diski iko kabatini, hatua nne kutoka kitini pangu. Lakini ningeitoa, ningelazimika kumweleza tajiri kwa nini wateja watatu wamekuwa mmoja, na tajiri alikuwa ameniahidi ng'ombe wa maziwa siku ya kuniaga.

"Mama," nilisema, "mashine haina kitu chako."

"Haina kabisa?"

"Haina."

"Nimepakia saruji hapa miaka mitatu, haina?"

"Labda ulinunua duka lingine."

Hakugombana. Alirudisha risiti zake ndani ya kopo, nyeupe juu ya nyeupe, akakaza kifuniko na kiganja. Ng'ombe nilimpata.

Nilistaafu nikarudi kwetu Homa Bay. Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja nilishuka sokoni karibu na ziwa kutafuta omena, nikasimama mbele ya mwanamke aliyekuwa akipima kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, nikauliza bei. Aliinua uso akanitazama kwa muda mrefu.

"Wewe si ni yule jaduong', yule mzee wa mashine?"

"Mashine gani, mama?"

"Ya Migori. Ile ilisema sijawahi kununua hata msumari." Akawageukia wenzake. "Yawa, wamama, njooni mwone! Huyu ndiye aliniangalia kwa macho yake mawili akaniambia sikuzaliwa."

"Na omena atanunua na macho hayo hayo?" jirani yake aliuliza.

"Atalipa kwanza. Na risiti hapati."

Walicheka mpaka mmoja akaweka gorogoro chini. Mimi pia nilijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Nilimuuliza kesi yake iliishaje.

"Haijaisha. Alhamisi chifu na wazee wanakaa mara ya mwisho. Shemeji yangu ameshachukua chumba kimoja, ameweka mahindi na kufuli yake. Nisipokuwa na karatasi, Alhamisi anachukua vile vitatu. Wapangaji wameshaambiwa wamlipe yeye."

Ilikuwa Jumatatu. Ningeweza kulipa na kwenda zangu. Sijui kwa nini safari hii sikwenda. Labda ni uzee, labda ni kule kuchekwa mbele ya watu, kunakomvua mtu koti analojifichia.

"Mama, mashine ilikuwa nazo," nilisema. "Nilikudanganya. Nilikuwa nimeharibu kazi, nikaogopa. Lakini kuna nakala."

Gorogoro ilibaki hewani, imejaa nusu.

"Nakala iko wapi?"

"Migori."

"Na Migori imehama?"

Kesho yake nilikuwa Migori duka lilipofunguliwa. Tajiri alikuwa amezeeka sana, haji tena dukani, na aliyekalia kiti chake sasa ni binti yake, mama wa watu wazima, mwenye miwani na sauti ya chini. Alinipokea kwa heshima za kwao.

"Shikamoo, mzee wetu. Umekuja kutusalimia ama umekuja kuchukua ndama wa yule ng'ombe?"

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza alivua miwani.

"Ulimwambia mteja wetu uongo, ukiwa umekaa kwenye kiti chetu?"

"Ndiyo."

"Baba angelijua angekufukuza."

"Ndiyo maana sikumwambia."

"Na mimi sasa nikufukuze kutoka wapi? Ushajiondokea mwenyewe." Akainuka, akachukua funguo. "Twende kabatini. Tukimaliza ndipo nitaona kama nina hasira."

Diski ilikuwepo, ndani ya bahasha niliyoandika kwa mkono wangu. Shida ni kwamba komputa zao mpya hazina mlango wa diski. Tulizizunguka zote kama watu wanaotafuta mlango wa nyumba isiyo na mlango. Kisha nikakumbuka kuuliza ile ya zamani ilikwenda wapi. Ilikuwa stoo, chini ya makopo ya rangi, imevaa vumbi la saruji. Tuliibeba wawili, tukaipangusa, tukaiwasha. Ilinguruma kama kinu, ikawaka.

Programu ikakataa kufunguka. Ilisema tarehe si sahihi. Binti wa tajiri alishika kichwa, lakini hapo mimi nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, kwa sababu ugonjwa ule naujua. Betri ndogo ya ndani ikifa, komputa ile huamka ikidhani ni ule mwaka ilipotengenezwa, na programu haikubali kuona mauzo ya siku ambazo hazijafika. Kila umeme ulipopotea Migori, mimi ndiye niliyekuwa nikiikumbusha leo ni lini. Nilibonyeza vitufe bila hata kuvitazama. Ikafunguka, nikatia diski.

"Mashallah," alisema. "Hilo hata mwanangu wa chuo hajui."

Tukamfungua Nyar Mfangano. Zilishuka kurasa na kurasa. Kulikuwa na mabati, saruji, misumari, rangi ya bluu, bawaba, mabomba, mbao, vyote vya wanawake watatu kwenye chungu kimoja. Binti wa tajiri alinitazama kama mtu anayengoja kuombwa radhi.

"Sasa yupi ni yupi?"

Nikamwomba ashuke mpaka chini ya kila mauzo, kwenye nafasi ya maelezo. Wahasibu wengi huiacha tupu. Mimi sikuwahi. Nilizoea vitabu, na kwenye kitabu nilikuwa naandika pembeni chochote nilichoambiwa, ili wapakiaji wasipeleke mzigo kwa mtu mwingine. Tajiri alikuwa akinicheka kwa jambo hilo. "Hii ni hesabu," alikuwa akisema, "ama unamwandikia mamako barua?"

Binti yake akaanza kusoma kwa sauti. "'Saruji mifuko sita. Gari la Magunga, ashushiwe penye kinu cha kusaga. Pesa zinanuka omena, tumecheka.'"

"Wa Magunga."

"'Rangi ya bluu, makopo mawili. Kibanda cha chai Homa Bay. Asipewe ile nyepesi, alilalamika.'"

"Wa Homa Bay."

"'Bawaba na kufuli. Kehancha. Mume atakuja na pikipiki, asipewe mkopo.'"

"Wa Kehancha."

"Mzee, hukumwonea haya mtu."

Tuliendelea hivyo mpaka adhana ya alasiri. Alikwenda kuswali akarudi tukaendelea. Jioni wanawake watatu walikuwa wamelala mezani kwenye mafungu matatu, kila mmoja na mzigo wake. Fungu la Magunga nilihesabu mara mbili. Lilikuwa na mauzo kumi na tisa. Nilikaa chini. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeziona zile karatasi nyeupe kila nilipofumba macho, na sasa zilikuwa zimerudiwa na maandishi yake yote.

Binti wa tajiri aliandika barua ya duka akapiga mhuri kila ukurasa. Aliponipa alishikilia ncha yake kidogo.

"Hapa nimeandika kwamba rekodi ni zetu na ni za kweli. Kwamba ulidanganya sikuandika. Hiyo utaisema kwa mdomo wako."

Alhamisi tulikaa kwenye ukumbi mdogo ulio kando ya ofisi ya chifu. Wazee watano walikuwa benchi la mbele. Nyar Mfangano alikaa peke yake, na nyuma yake wapangaji wake watatu waliokuja kujua watamlipa nani. Shemeji yake alikuwa upande wa pili na jamaa wengi, mtu mwenye sauti nzuri, anayejua kusimama mbele ya watu. Alisimulia jinsi kaka yake alivyouza ng'ombe dume wa familia akajenga. Alisimulia vizuri hata mimi nikamwona yule dume.

Nilipoitwa nilisema yote. Nilisema niliunganisha majina kwa uvivu, nikaficha kwa woga, nikamfukuza mama huyu na haki yake mkononi. Nikaweka karatasi mezani. Shemeji akasimama taratibu.

"Jaduong', mos, polepole. Juzi ulisema hakuna. Leo unasema kuna. Sasa sisi tuchukue ya lini?"

Watu walicheka, na walikuwa na haki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiuliza swali hilo usiku kucha bila kupata jibu. Nilisema jambo pekee nililoweza.

"Msichukue yangu. Chukueni ya karatasi. Niliiandika kabla sijawa na sababu ya kudanganya."

Chifu alikuwa akisoma kimya, akilamba kidole na kufunua. Kwenye ukurasa wa nne kidole kilisimama. Akausogeza kwangu.

"Mzee, soma hapa chini. Kwa sauti."

Nilivaa miwani. "'Mabati ya chokoleti ishirini na mawili. Mawili ya kijani, kwa sababu chokoleti imeisha. Amekubali. Anasema atayaficha upande wa nyuma, wapangaji wasimcheke.'"

Mpangaji mmoja akaguna. Chifu hakucheka. Alimgeukia shemeji.

"Paa likiezekwa ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mimi na kaka. Mabati nilipandisha kwa mikono hii."

"Yalikuwa rangi gani?"

"Chokoleti. Kila mtu hupita akaona."

"Yote?"

Akasita kidogo tu. "Yote."

"Basi na sisi tukaone," chifu alisema, akachukua kofia yake.

Tulikwenda sote, wazee mbele, soko likitufuata nyuma. Kutoka barabarani paa lilikuwa chokoleti safi, kama alivyosema. Nyuma ya vyumba kulikuwa na kichaka cha miiba na ukuta wa choo, na njia ya mtu mmoja katikati. Usingeweza kuona paa kutoka pale bila kupanda juu ya kitu. Mpangaji mmoja alileta pipa la maji, akalipindua. Mzee mdogo kuliko wote akapandishwa, mmoja akimshika mguu huu, mwingine ule.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye miiba. Niliandika neno lile zaidi ya miaka kumi iliyopita. Je, kama alibadilisha? Je, kama nilimwandikia mwingine?

"Unaona nini?" chifu aliuliza.

Yule mzee alinyoosha shingo.

"Kijani," alisema. Kisha akapaza sauti mpaka wale waliobaki barabarani wakasikia. "Ya kijani! Mawili! Yako hapa!"

Wanawake wa soko walipiga vigelegele ambavyo sijavisikia hata harusini. Mtu alinipiga mgongoni kwa nguvu hata miwani ikaanguka miibani, sikujali. Nyar Mfangano hakupiga kigelegele. Aliketi juu ya jiwe pale pale, akafunika mdomo kwa leso, na mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso. Alikuwa anacheka.

"Nilisahau," aliniambia. "Yawa, hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau!"

Tuliporudi ukumbini wazee hawakukaa hata muda wa kumaliza soda. Vyumba vinne ni vyake, na kila mpangaji atamlipa yeye. Karani aliinua kalamu akauliza aandike nani.

"Andika Nyar Mfangano," mzee mmoja alisema. "Anajulikana."

"Hapana," mama akasema. "Hiyo iliniponza. Andika ya kitambulisho."

Akalitaja jina lake kamili, maneno matatu, polepole, herufi kwa herufi pale karani alipokwama. Miaka ile yote nilikuwa sijawahi kulisikia. Nilitoa karatasi yangu na mimi nikaliandika, kwa sababu Jumatatu iliyofuata nilikuwa na kazi Migori: binti wa tajiri alikuwa amekubali nirudi nitenganishe majina yote niliyounganisha, bila mshahara, mpaka yaishe.

Kabla ya watu kutawanyika, mama alimwendea shemeji yake akanyoosha mkono. Yule bwana alijipapasa mfuko wa kwanza, wa pili, mpaka akachoka kujifanya, akatoa ufunguo. Mama akafungua chumba cha nne. Magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari.

"Shemeji, toa haya."

"Leo? Si ungeniacha mpaka Jumapili?"

"Mpaka Jumapili ni kodi. Unataka nikuandikie risiti?"

Soko zima lilicheka, na yeye pia, kwa uchungu, akakunja mikono ya shati. Kisha mama akanigeukia mimi.

"Na wewe, jaduong'. Unangoja nini? Shika upande ule."

Nikavua koti. Nina miaka sabini na moja, na siku ile nilibeba magunia sita na mtu niliyemshinda, yeye mbele mimi nyuma, na kila tulipotoka mlangoni wanawake walihesabu kwa sauti.